Shajara ya mradi: Kanisa la Wadominiko la Blackfriars, London, kwa skeli ya 1:200

Mradi huu ni wa kujenga mfano wa kadibodi wa kanisa la konventi (nyumba ya watawa) ya Wadominiko ya Blackfriars, London. Kanisa hilo lilisimama kati ya Ludgate na mto Thames tangu miaka ya mwisho ya karne ya 13. Baada ya 1550 likabomolewa, likauzwa vipande vipande, na mji ukajijenga juu yake. Mfano una sehemu mbili: kitako chenye vichochoro vya leo, na kanisa linalokaa juu ya kitako na kunyanyuliwa, ili mtazamaji aone kichochoro kipi kinapita sehemu gani ya kanisa. Nautengeneza kwa ajili ya darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, ambalo watoto wake hupita Blackfriars kwa treni bila kujua jina hilo lilitoka wapi. Naandika hatua zote, na zilizokwama naziandika kwa kirefu zaidi, ili mwenye jengo lake lililotoweka aweze kuiga.

13 Januari 2019: Hati kwanza, kisu baadaye

Nilianza na picha, na picha zikanila muda bure. Ile ramani ya London inayoitwa ya Agas inapendeza kuitazama, nyumba zake zimechorwa moja moja, lakini inaonyesha jiji la miaka ya 1560, kanisa likiwa limeshaondoka. Anayetafuta Blackfriars humo anakuta nyumba na bustani za wanunuzi. Nikaweka picha kando, nikahamia kwenye karatasi za mali.

Historia kwa ufupi, kwa anayejenga. Wadominiko walifika Uingereza mwaka 1221, miaka mitano baada ya Papa Honorius III kulithibitisha shirika lao. London walianzia Holborn, nje ya ukuta wa jiji, wakisaidiwa na Hubert de Burgh. Miaka ya 1270 wakahitaji mahali pakubwa zaidi. Robert Kilwardby, Mdominiko aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akawapatia uwanja wa ngome mbili za zamani, Baynard's Castle na mnara wa Montfichet. Mfalme Edward I naye akaruhusu ukuta wa jiji uvunjwe na ujengwe upya upande wa magharibi, karibu na mto Fleet, ili konventi iwe ndani ya jiji. Ukuta wa ulinzi wa London kusogezwa kwa ajili ya watawa walioweka nadhiri ya kuishi kwa sadaka! Kila nikilisoma tena jambo hili naona ukubwa wa imani waliyopewa watu hao, na ukubwa wa jengo ambalo mfalme na jiji walilitazamia.

Tarehe 12 Novemba 1538 konventi ilikabidhiwa kwa watu wa Henry VIII. Aliyeikabidhi ni priori wake, yaani mkuu wa watawa, John Hilsey, ambaye wakati huo huo alikuwa Askofu wa Rochester. Mwaka 1550, chini ya Edward VI, sehemu kubwa ya mali ikapewa Sir Thomas Cawarden, msimamizi wa mahema na michezo ya ikulu. Cawarden hakuwa na haja ya kanisa. Alitaka mawe, mbao, risasi iliyoezekea paa, na viwanja. Lakini mali haipewi mtu bila kupimwa, kwa hiyo wapimaji walipita humo na kamba zao miaka ya 1548 hadi 1550, wakaandika urefu, upana na mpaka wa kila kitu: bweni liko wapi, bwalo lina futi ngapi, ngazi inashukia wapi.

Mradi mzima unasimama juu ya karatasi hizo. Watawa waliosali humo zaidi ya miaka 250 hawakuwa na sababu ya kuandika upana wa kanisa lao. Waliolibomoa ndio waliolipima. Cawarden alipofariki 1559, karatasi zake zikaingia mikononi mwa William More wa Loseley, karibu na Guildford, na familia yake ikazihifadhi. Alfred Clapham alizikusanya pamoja na mabaki yaliyochimbuliwa, akachora mpango wa konventi mwaka 1912. Mwaka uliofuata Albert Feuillerat akazichapa hati zenyewe.

Vipimo nilivyoanza navyo ni hivi: kanisa futi 220 kwa futi 66, na upande wa kusini uwanja wa mraba uliozungukwa na baraza, futi 110 kila upande. Kwa skeli ya 1:200 kanisa linakuwa na urefu wa sentimita 33.5 na upana wa sentimita 10, na uwanja sentimita 16.8. Vyote vinakaa juu ya meza ya jikoni.

Gharama: kusoma maktabani bure, nakala £4.

2 Februari 2019: Kulikalisha kanisa juu ya mitaa ya leo

Vipimo peke yake havisemi kanisa lilikaa wapi hasa. Linahitaji pini moja ya kulishikilia kwenye ramani, na pini hiyo ipo. Ni kichochoro kinachoitwa Church Entry, kinachoshuka kutoka Carter Lane kuelekea Ireland Yard na Playhouse Yard. Watu wawili wakipishana humo lazima mmoja ageuze bega.

Ili kuelewa kwa nini kichochoro ndicho pini, sharti ujue makanisa ya ndugu wahubiri, yaani Wadominiko, yalivyopangwa. Upande wa magharibi palikuwa na ukumbi mpana wa waumini, wenye nguzo nyembamba, ili umati umwone na kumsikia mhubiri. Upande wa mashariki palikuwa na sehemu ya watawa, yenye viti vyao vya kusalia na altare kuu. Katikati ya sehemu hizo mbili Uingereza waliacha njia nyembamba inayokata kanisa toka kaskazini hadi kusini, na juu ya njia hiyo wakasimamisha mnara. Mtu wa mjini aliweza kupita hapo kwenda kwenye uwanja wa baraza bila kuingilia ibada. Kanisa lilipoondoka, watu hawakuacha kupita. Church Entry ni njia hiyo hiyo, bado inatumika. Ukisimama humo ukitazama Carter Lane, mkono wako wa kushoto ulikuwa ukumbi wa waumini, na wa kulia ilikuwa sehemu ya watawa.

Kilichoshindikana ni simu. Nilitembea na programu ya ramani nikitaka kuchukua pointi kila kona, lakini majengo marefu yanarudisha mawimbi ya setilaiti, na alama yangu ilikuwa ikiruka hadi upande wa pili wa mtaa. Pointi nilizochukua zilichora Church Entry kama mlevi aliyeandika herufi S. Nikazifuta zote.

Dawa yake ilikuwa ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya upimaji ramani ya Uingereza, ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka wazi mtandaoni. Zile za London za miaka ya 1890 zimechorwa kwa futi tano kwa maili moja, yaani 1:1056, na zinaonyesha hata ngazi za milango. Nikazilinganisha na ramani ya Ogilby na Morgan ya 1676, iliyopimwa baada ya moto mkubwa wa 1666, kwa inchi moja kwa kila futi 100. Ramani hizo mbili zinakubaliana vya kutosha. Kisha nikarudi na tepu kupima upana wa kichochoro na umbali wake kutoka kona ya Carter Lane, nikasahihisha mchoro kwa mkono. Tepu ya mita 30 ni bora kuliko simu yoyote katika mitaa ya namna hii. Nenda Jumapili asubuhi, ofisi zikiwa zimefungwa, vinginevyo utakuwa ukiomba radhi kwa kila mpita njia.

Bustani ndogo ya makaburi ya St Ann, pembeni mwa Church Entry, inaangukia ndani ya eneo la kanisa. Hapo ndipo ninapokaa kufanya hesabu zangu.

Gharama: tepu £9.

23 Februari 2019: Mchoro uliosinyaa

Kitako kilichapishwa kwenye duka la mtaani, nikakibandika juu ya ubao wa MDF (wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), nikaweka juu yake vipande vya kwanza vya kanisa. Havikukaa. Mnara uliangukia pembeni mwa Church Entry, na ncha ya mashariki ikaingia mtaani.

Nilikagua hesabu za futi, nikakagua ramani, zote zilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi. Mashine ya duka ilikuwa imewekwa ipunguze mchoro ili uenee ndani ya kingo, nao ukatoka kwa asilimia 97. Kwa jicho huoni tofauti. Kwa kanisa la sentimita 33.5 ni sentimita moja nzima, yaani mita mbili za mtaa.

Kuanzia siku hiyo kila mchoro wangu una mstari wa sentimita 10 kamili pembeni, na napima mstari huo kwa rula pale pale kaunta kabla ya kulipa. Anayeiga mradi huu aanze na mstari huo. Mwambie mchapishaji waziwazi: chapisha kwa ukubwa halisi, asilimia 100.

Kubandua karatasi iliyoshikwa na gundi kwenye MDF ilikuwa kazi ya jioni nzima ya maji ya moto na msasa, na uso wa ubao ukaharibika. Mjomba, fundi seremala wa Kitanga anayenipa mbao zilizobaki karakana kwake, alinikatia ubao mpya.

Gharama: kuchapisha £9, na mara ya pili £9 nyingine.

16 Machi 2019: Safari ya Norwich

Hati zinatoa urefu na upana. Hazitoi umbo la nguzo, wala madirisha, wala jinsi mwanga ulivyoingia. Kwa hayo unahitaji kaka yake kanisa lililopotea ambaye bado yu hai, naye yuko Norwich. Kanisa la Wadominiko wa Norwich lilinusurika kwa sababu baraza la jiji, likiongozwa na Augustine Steward, lililinunua kutoka kwa Henry VIII ili liwe ukumbi wa mji. Ukumbi wa waumini leo unaitwa St Andrew's Hall, na sehemu ya watawa Blackfriars Hall. Ulijengwa upya baada ya moto wa 1413, kwa hiyo ni mdogo kwa umri kuliko kanisa la London kwa zaidi ya karne. Lazima mtu akumbuke hilo anapokopa umbo lake, hasa kwenye madirisha.

Jambo lililonishika nilipoingia ni uwazi wake. Ukumbi una matao saba kila upande, nguzo zake ni nyembamba kwa kimo chake, na ukisimama karibu na ukuta wa kusini unamwona kikamilifu mtu aliyesimama karibu na ukuta wa kaskazini. Nilikuwa nimepanga nguzo nene, kama za makanisa makuu ya maaskofu. Nikaziacha papo hapo. Jengo hili lilikuwa la sikio, la kusikilizia mahubiri, na nguzo nene zingemficha anayehubiri.

Na mnara: wa Norwich ulianguka 1712. Kati ya kumbi mbili utaona palepale ulipokuwa umesimama, penye ile njia ya kati. Kuiona njia hiyo kwa macho, na kuvuka kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, kuliniondolea wasiwasi wote kuhusu Church Entry.

Kwa nini la Norwich lipo na la London halipo? Norwich mnunuzi alikuwa mji wenyewe, na ulihitaji mahali pa kukutanikia watu wake. London aliyepewa alikuwa mtu mmoja, na kiwanja kilikuwa na thamani kuliko paa.

Gharama: tiketi ya treni £26.

6 Aprili 2019: Futi 66 za wapi?

Hatua hii ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo ninayotaka asiyejenga chochote aisome pia.

Nilikuwa nimechukua futi 66 kuwa upana wa ndani, nikaongeza kuta kwa nje. Kanisa likatoka na upana wa futi 72. Nikamwonyesha Mjomba vipande vikiwa bado havijagundishwa. Akavigeuza geuza mkononi, akaniuliza:

"Mwanangu, mpimaji wako alisimama wapi? Ndani au nje?"

"Hati haisemi, Mjomba."

"Basi tafuta chumba ambacho watu wawili walikipima. Mmoja anakaa ndani, mwingine anauza."

Ushauri huo ndio uliofungua kila kitu, kwa sababu chumba hicho kipo. Konventi ilikuwa na ukumbi mkubwa wa juu, uliowahi kutumika hata na Bunge, na vipimo vya wakati wa Cawarden vinaupa upana wa futi 52. Mwaka 1596 James Burbage aliununua kutoka kwa Sir William More kwa £600, pamoja na vyumba vingine, ili afanye humo jumba la michezo ya kuigiza. Kikundi chake, baadaye King's Men, ndicho kilichokuwa na Shakespeare ndani yake. Na katika hati za kesi ya mwanzoni mwa karne ya 17, jumba hilo linatajwa kuwa na urefu wa futi 66 na upana wa futi 46.

Upana wa 52 kwa wauzaji, 46 kwa waliokaa ndani. Tofauti ni futi 6, yaani kuta mbili za futi 3 kila moja. Urefu ulipungua kwa sababu Burbage alitumia sehemu tu ya ukumbi, lakini upana haukuwa na sababu ya kupungua isipokuwa unene wa mawe. Wapimaji walipima kwa nje.

Kama walipima ukumbi kwa nje, na ni upimaji ule ule, nimechukua kwamba kanisa nalo lilipimwa hivyo. Futi 66 zimekuwa upana wa nje, na ndani nafasi imebaki futi 60. Kuta nikazikata upya, kila moja milimita 4.6: kadibodi ya kijivu ya milimita 2 mara mbili, na karatasi nzito katikati. Vipande vya zamani vimetumika kutengeneza kuta za uwanja wa baraza, havikutupwa.

Burbage hakuwa na habari na Wadominiko alipolipia ukumbi ule, na wanasheria wa kesi ile walikuwa wakigombea fedha. Hata hivyo, kwa ugomvi wao tunajua ukuta wa konventi ulikuwa na unene gani. Mtu anayetaka kufanya kazi kama hii kwa konventi ya Waagostino iliyokuwa Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 16, au kwa nyumba yoyote ya mawe iliyovunjwa kwenye pwani yetu, namsihi asianze na sifa za wasafiri. Aanze na mauzo, wakfu, mirathi na kesi.

Gharama: kadibodi A1 karatasi sita £24, nyembe £6.

27 Aprili 2019: Gundi, nguzo, paa

Kuta zilipinda. Gundi nyeupe ya mbao ina maji, na nilipoipaka upande mmoja wa kadibodi ule upande ukatanuka, ukajikunja kwa ndani ulipokauka. Asubuhi ukuta wa kaskazini ulikuwa umejikunja kiasi cha kupitisha kidole chini yake. Kinachofanya kazi ni hiki: paka gundi kidogo kwa kipande cha kadi, nyuso zote mbili zinazokutana, funga ndani ya karatasi ya kuokea mikate ili isishikamane na meza, kisha weka chini ya vitabu vizito kwa siku nzima. Usifungue kutazama.

Nguzo ni vijiti vya mishikaki vya milimita 3, ambavyo kwa skeli hii ni sentimita 60. Vinatosha kwa wembamba niliouona Norwich. Vichague kimoja kimoja, maana katika pakiti moja vingine ni vya milimita 2.5 na vingine vimepinda. Vikate kwa kuvizungusha chini ya wembe, usivikandamize, la sivyo nyuzi zitapasuka. Matao ni saba kila upande, kwa kufuata Norwich.

Rangi ninazitumia kwa mpango. Kilicho na kipimo katika hati kimebaki cheupe. Nilichokopa Norwich ni kijivu. Kwa hiyo kuta za nje na uwanja wa baraza ni vyeupe, nguzo na madirisha ni kijivu. Mnara nimeujenga kwa waya mwembamba tu, bila kuufunika, kwa sababu mahali pake panajulikana na kimo chake ni uamuzi wa mjenzi. Mtoto akitazama anaona mara moja ni wapi anatazama ushahidi na ni wapi anatazama makisio. Napendekeza kila mtu afanye hivi. Mfano uliopakwa rangi moja nzuri unadanganya.

Paa la risasi nimelitengeneza kwa karatasi ya kijivu iliyokunjwa mistari, na upande wa kusini umeachwa wazi ili ndani paonekane.

Gharama: gundi £7, vijiti £1, rangi na waya £11.

18 Mei 2019: Sakafu

Awali sakafu ilikuwa kadibodi tupu. Sasa imechorwa, na kazi hii nimeifanya polepole kwa makusudi, kwa sababu sakafu ya kanisa hili ilibeba watu wengi.

Malkia Eleanor wa Castile, mke wa Edward I, alifariki tarehe 28 Novemba 1290. Mwili wake ulizikwa Westminster, viungo vya ndani Lincoln, na moyo wake ukaletwa hapa Blackfriars, pamoja na moyo wa mwanawe Alphonso, aliyekuwa amefariki 1284 akiwa mtoto wa miaka kumi. Mama alitaka moyo wake ukae na wa mwanawe. Nimeweka alama mbili ndogo nyekundu katika sehemu ya watawa, karibu karibu. Hubert de Burgh naye, aliyezikwa kwenye kanisa la Holborn mwaka 1243, alihamishiwa hapa ndugu walipohama.

Nje ya kanisa, kwenye majengo ya konventi, nimebandika namba zinazoeleza yaliyotokea humo. Mei 1382 Askofu Mkuu William Courtenay aliwakusanya wanateolojia hapa kuhukumu mafundisho ya John Wyclif, mwanateolojia wa Oxford aliyelikosoa Kanisa. Tarehe 21, wakiwa kikaoni, ardhi ikatetemeka, lakini Courtenay hakuahirisha. Walihukumu hoja 24: kumi kuwa uzushi na kumi na nne kuwa makosa. Mwaka 1523 Bunge lilifunguliwa hapa, Thomas More akiwa spika wake. Na Juni 1529, mbele ya makardinali Wolsey na Campeggio, Catherine wa Aragon alipiga magoti mbele ya mumewe Henry VIII akaitetea ndoa yake, kisha akatoka nje na kukataa kurudi alipoitwa.

Kesi hiyo ilisikilizwa katika ule ukumbi wa juu wa futi 52. Kesi ya ndoa ya mfalme ikamtenga na Roma, kutengana na Roma kukazifunga konventi, na kufungwa kwa konventi kukaugeuza ukumbi wenyewe kuwa bidhaa aliyoinunua Burbage. Haya yote ndani ya kuta zile zile, chini ya miaka 70. Watoto wakubwa wa darasa walipouona ukumbi pembeni mwa kanisa walitaka niwarudie mfuatano huo tangu mwanzo, kwa hiyo nimeuandika kwenye kadi na kuibandika kando ya kitako.

Tatizo la hatua hii lilikuwa dogo. Wino wa kalamu ulisambaa kwenye kadibodi ya kijivu, na mistari ya vigae ikawa madoa. Paka kwanza gundi iliyoyeyushwa na maji mengi, acha ikauke, ndipo uchore.

15 Juni 2019: Kunyanyua

Kanisa sasa linakaa kwenye kitako kwa sumaku nne ndogo, mbili chini ya njia ya kati na moja kila ncha. Kwanza niliziweka kwenye pembe, na kila lilipowekwa lilikuwa likijivuta upande kwa milimita kadhaa, kwa sababu kuta za pembeni ni nyepesi na zinafuata sumaku. Zilipohamishiwa kwenye mhimili wa katikati, likatulia. Mnara unaangukia juu ya Church Entry bila kusukumwa.

Chini ya kanisa, juu ya kitako, kuna mpaka wa wino mwekundu unaofuata kuta zake katikati ya mitaa ya leo. Pembeni nimeandika jinsi lilivyoondoka. Cawarden alibomoa pia kanisa la parokia ya St Ann, lililokuwa ndani ya eneo la konventi. Mary I alipotawala, Cawarden akalazimishwa awatafutie waumini mahali, akawapa chumba cha juu chenye ngazi ya nje. Chumba hicho kilianguka 1597. Kanisa walilolijenga baadaye liliungua katika moto wa 1666, halikujengwa tena, na parokia ikaunganishwa na St Andrew-by-the-Wardrobe. Watu wa hapa, basi, walinyang'anywa mahali pa kusali zaidi ya mara moja. Wanahistoria wengi wa jumba la michezo hupita haraka juu ya jambo hilo, nami nimelipa nafasi kubwa kuliko Burbage kwenye maandishi ya kitako.

Eneo lenyewe lilibaki nje ya mamlaka ya meya wa London hadi 1608, kwa kuwa lilikuwa la watawa na haki zake zilihama na ardhi. Ndiyo maana jumba la michezo liliwezekana hapo. Ilibidi niongeze mpaka huo kwa nukta za buluu baada ya mwalimu mwenzangu kuniuliza kwa nini waigizaji walikimbilia kiwanja cha kanisa.

Gharama ya sumaku £5. Jumla ya mradi hadi leo ni £111, ubao wa Mjomba ukiwa zawadi.

Kilichobaki ni ukuta wa jiji wa Edward I upande wa magharibi, pamoja na mteremko wa ardhi kuelekea Fleet, ambao kwa sasa kitako kinauonyesha kama tambarare. Mteremko utahitaji tabaka za kadibodi chini ya karatasi ya mitaa, kwa hiyo kitako kitachapishwa tena. Anayeanza sasa ajenge mteremko kwanza, kabla hajabandika chochote. Michoro ina kurasa tano. Uchapishe ule wa tatu kwanza, wenye Church Entry, upime mstari wake wa sentimita 10, na ukiwa sawa ndipo uendelee na zilizobaki.